Mwezi wa tisa haumo kwenye daftari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Majengo hapa Moshi. Nina duka dogo la vifaa vya shule, na mume wangu ni fundi umeme, hupata kazi kwa wakandarasi. Sisi ni Walutheri, na usharikani mimi ni mhazini wa kikundi cha wanawake. Nakuandikia usiku wote wamelala, kwa sababu jambo hili nikimweleza mtu wa karibu nitaonekana mbaya, na nikikaa nalo najiona mbaya zaidi.

Tuna dada wa kazi. Ana miaka 19, kwao ni kijijini Kondoa, ni Mwislamu. Alikuja mwezi wa pili mwaka huu tukakubaliana 70,000 kwa mwezi. Mwenyewe aliomba nimpe 20,000 za kumtumia mama yake, na 50,000 nimtunzie mpaka atakapoenda nyumbani, maana aliogopa zikikaa kwenye simu yake zitaisha kidogo kidogo. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa. Miezi mitatu ya kwanza niliziweka kwenye bahasha kabatini. Mwezi wa tano tukawa tunaezeka vyumba viwili vya uani vya kupangisha, bati zikapelea, nikaifungua ile bahasha. Nilijiambia nitarudisha. Sikurudisha. Miezi iliyofuata hata bahasha yenyewe sikuijaza, nikawa nahesabu kichwani tu kwamba ana hela kwangu.

Sasa ni Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi. Kikundi chetu kimepanga, kama kila mwaka, kwenda kuwaona watoto yatima kwenye kituo kimoja, Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya nne. Kila mwanamke anatoa 30,000, mchele kilo mbili na miche miwili ya sabuni. Daftari la michango ninalo mimi. Shangazi, daftari langu halina doa. Aliyetoa 500 nimemwandika, anayedaiwa 200 nimemwandika. Mchungaji amewahi kunisifu mbele ya usharika mzima.

Jumapili ya pili mahubiri yalikuwa Luka 3, pale watu wanapomwuliza Yohana Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Yalinigusa sana. Baada ya ibada tukawa na mnada wa sadaka kama kawaida: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo. Jogoo nilimchukua mimi kwa 35,000, watu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani Dada akampokea, akamfunga mguu nyuma ya jiko, akaniambia, "Mama, nikimaliza vyombo naomba kuongea na wewe."

Alikuja na kidaftari cha kurasa 40, kile nilichompa mwenyewe kutoka dukani. Anakiweka chini ya godoro, kimejikunja kama kipande cha bomba. Ndani yake kila mwezi ameuandika mstari wake kwa penseli: mwezi, 70, 20, 50. Akasema, "Mama, tarehe 20 naomba niende nyumbani. Mdogo wangu amefaulu, Januari anaingia kidato cha kwanza, hana sare wala godoro. Nimehesabu ni laki nne na nusu. Naomba uniangalizie kama nimekosea."

Nikaangalia. Alikuwa amekosea. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa kumi na moja ni miezi kumi, yeye ameandika tisa. Mwezi wa tisa haumo. Nadhani ni kwa sababu mwezi ule aliumwa malaria, akalala siku kumi na moja, akaona haustahili kuandikwa. Ile 20,000 ya mama yake nilimpa, lakini 50,000 hakuiandika. Shangazi, nilimrudishia kidaftari nikamwambia, "Hesabu yako iko sawa."

Mume wangu nilipomweleza habari ya kuondoka alisema, "Mpe laki mbili sasa hivi, nyingine atazikuta Januari. Ukimpa zote hutamwona tena." Akaongeza kwamba Krismasi yenyewe si ya kwake, ana haraka gani. Ndani tuna 640,000, lakini hizo ni za kwenda Machame kwa mama mkwe: mbuzi, kupaka rangi nyumba yake, nguo za watoto. Mashemeji wanakuja kutoka Dar na magari yao. Mwaka jana tulipanda na vitu vidogo, maneno tuliyoyasikia nayakumbuka mpaka leo.

Basi nilifikiri nimpe Dada laki mbili, nimnunulie kitenge, viatu na mchele kilo tano wa kupeleka kwao, iwe zawadi yetu ya Krismasi. Najua atafurahi. Si mtu wa maneno. Ila tangu aniletee kile kidaftari silali vizuri. Na nakumbuka miaka miwili iliyopita mkandarasi mmoja alimzungusha mume wangu malipo ya miezi miwili, nikamwona mwanaume mzima anakaa kitandani anafuta machozi na shati.

Naomba unijibu mambo matatu. Kushikilia kiasi ili arudi ni vibaya? Kuhusu mwezi wa tisa, kama mwenyewe kausahau, nikinyamaza kuna ubaya gani? Na ile Jumamosi, niende kwa wale watoto na daftari langu, au nimwachie mwingine?

Mhazini, Majengo, Moshi


Marahaba mwanangu,

Mlipe. Mlipe zote, mwezi wa tisa ukiwamo, kabla hajapanda basi. Nimeanza na hilo ili usiisome barua hii ukitafuta mahali nitakapolegeza, maana sitalegeza. Lakini nakushukuru kwa kuniandikia. Ungeweza kumpa kile kitenge na mambo yakaisha, na hakuna mtu Moshi nzima ambaye angejua.

Tuanze na neno ulilolitumia, "nimtunzie". Fedha ya mtu uliyopewa uitunze ni amana. Siku ulipofungua bahasha bila kumwuliza mwenyewe, amana iliisha ukaanza mkopo, na aliyekopesha hana habari kwamba amekopesha. Binti wa miaka 19 kutoka Kondoa amewakopesha ninyi wenye duka fedha za kuezekea. Bati zile leo ziko juu ya vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji anapokulipa kodi, ndani yake mna kufua kwake na kupika kwake na kuamka kwake saa kumi na moja kuwaandaa watoto wako, na yeye hajaona kitu. Sikuambii haya nikuumize. Nakuambia kwa sababu umekuwa ukiliwaza jambo hili kana kwamba Dada anaomba fedha zako za Krismasi. Haombi. Fedha zenu za Krismasi ndizo zimekaa juu ya deni lake.

Ndiyo maana kile kitenge kimenisumbua kuliko hata maneno ya mumeo. Mumeo amesema waziwazi kwamba anataka kuzuia. Wewe unataka kuzuia na juu yake ushukuriwe. Hebu ione siku yenyewe: unampa laki mbili, unampa kitenge kimekunjwa vizuri, viatu vipya kwenye mfuko. Atapokea kwa mikono miwili. Atasema, "Asante sana Mama, Mungu akubariki." Na wewe utakuwa umebarikiwa kwa jasho lake mwenyewe. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kwenu binti huyu hajanyongwa, anapendwa, anaitwa Dada, anakula mnachokula, ila haki yake ndiyo haijatoka. Huruma ikitangulizwa mbele ya haki inageuka pazia la kuifunika. Zawadi mpe, tena itapendeza, lakini itoke kwenye kilicho chako baada ya chake kutoka.

Umeniambia Luka 3 ilikugusa. Nimeona umelinukuu swali la watu, majibu hukuyaandika. Yako pale pale, mstari wa 11 hadi wa 14. Wenye kanzu mbili aliwaambia wampe asiye na kanzu. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia, "Msidhulumu mtu." Nimeyasoma maneno hayo kila Majilio tangu nipate kipaimara, na kinachonishika ni kwamba Yohana hakumtuma mtu yeyote mbali. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nyikani, amevaa singa za ngamia, angeweza kuwaambia wote waje huko wafunge na kulia. Badala yake kila mtu alimwonyesha mahali ambapo mkono wake tayari umeshika kitu cha mwenzake, akamwambia, hapo hapo, achia. Wa nguo kwenye nguo, wa ushuru kwenye ushuru. Ungekuwa umesimama kwenye ule mstari kando ya Yordani, nadhani asingekutajia kituo cha yatima. Angekuuliza kuhusu kidaftari cha kurasa 40.

Na si Yohana peke yake. Walawi 19:13 inasema mshahara wa mwajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Wa Dada umekaa tangu mwezi wa pili. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wale waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana. Huenda huo ndio unaokunyima usingizi. Na mumeo anaposema Krismasi si ya Dada, mkumbushe kwamba huyo binti naye alikaa madrasa, na yumkini alifundishwa hadithi ya Mtume wao inayojulikana sana kwa Waislamu: mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo huenda anajua vizuri ninyi mlitakiwa kufanya nini, na bado amekuja kwa adabu, "Mama, naomba uniangalizie kama nimekosea." Mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba yako ni hazina, mwanangu.

Sasa mumeo. Hofu yake si ya uongo. Januari hapa mjini ni mwezi wa akina mama kuulizana, "Wako amerudi?" Wengi hawarudi. Lakini fedha inayoshikiliwa ili mtu arudi ni rehani, na hapa kilichowekwa rehani ni binti wa watu. Anayerudi kwa sababu hela yake imekwama kwenu atarudi, atazichukua, ataondoka mwezi wa pili bila kuaga. Usibishane naye mbele ya watoto wala mbele ya Dada. Mpelekee chai, kaa naye, mkumbushe ile shati aliyofutia machozi. Mwulize yule mkandarasi alimwambia nini siku zile. Najua alichomwambia, kwa sababu wote husema hivyo: "Subiri kidogo, hela yako ipo." Mwache akae kimya baada ya hapo. Mwanaume aliyedhulumiwa jasho lake hahitaji mahubiri marefu.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana sitaki umlipe kwa kuiogopa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ingawa madai ya mshahara hupelekwa huko na mfanyakazi wa nyumbani naye anayo haki ya kwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu Dada kama inavyomhusu mumeo. Anayo likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, kwa hiyo akiwa Kondoa Desemba yake inaendelea kulipwa. Anayo pia ruhusa ya ugonjwa: siku 126 ndani ya miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Siku zake kumi na moja za malaria zimo humo kwa raha zao. Kuhusu 70,000 mliyopatana, amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. Lakini viwango hupitiwa, ulizia kilichopo sasa ofisi ya kazi kabla ya kupatana upya.

Nije kwenye mwezi wa tisa wenyewe. Umeniuliza kuna ubaya gani ukinyamaza. Mwanangu, hukunyamaza. Ulimwambia, "Hesabu yako iko sawa." Alikuletea kidaftari kwa sababu anakuamini kwenye hesabu kuliko anavyojiamini yeye, wewe mwenye duka, wewe mhazini, na ukatumia imani hiyo hiyo kumpunguzia 50,000. Na fikiria kilichomfanya asiuandike. Amelala na homa siku kumi na moja kwenye nyumba ya watu, ameona vyombo vinaoshwa na wengine, akahitimisha moyoni kwamba mwezi ambao ameumwa hauna thamani ya kuandikwa. Nadhani hilo ndilo kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Fedha utamlipa, lakini hilo wazo nalo linahitaji mtu wa kulitoa, na ni wewe tu unayeweza.

Kwa hiyo mwite jioni, watoto wakishalala. Mwambie akae kwenye kiti, asisimame mlangoni. Mwombe kidaftari, ufungue ukurasa ule, umwambie: "Nilikuambia hesabu yako iko sawa. Haikuwa sawa. Mwezi wa tisa hukuuandika, niliona, nikanyamaza. Uliumwa, na mtu akiumwa mshahara wake upo. Na hela zako tulizitumia bila kukuambia. Nisamehe." Ishie hapo. Usianze habari za bati, fundi na ada za watoto. Ukianza kujieleza, Dada ataona huruma, ataanza kukufariji wewe, na usiku ule si wa wewe kufarijiwa. Najua kwetu mama mwenye nyumba hamwombi msamaha msichana wa kazi. Mwombe.

Halafu hesabu. Mnazo 640,000. Laki tano ni za miezi kumi, 70,000 ni za Desemba, mpe kabisa aondoke nazo. Inabaki 70,000. Humo toa nauli yake ya kwenda Kondoa, na hiyo ndiyo iwe zawadi yenu ya Krismasi, imetoka kwenu kweli. Mpe fedha hizo siku mbili kabla ya safari, mkononi, azihesabu mwenyewe hata ikimchukua robo saa. Usimpe stendi alfajiri, mbele ya wapiga debe na msongamano ule wa Desemba. Akishahesabu mwulize anataka kusafiri nazo vipi, maana kupita Arusha na Babati mpaka Kondoa na laki tano kwenye begi si jambo la binti mmoja. Kama ataziweka kwenye simu, angalia laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Mabinti wengi hawajapata kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo laini imesajiliwa kwa jina la mwajiri. Ikiwa ndivyo, basi hela ikiwa humo bado iko kwa jina lako. Bora sehemu kubwa imtangulie kwa mama yake, na ada ya kutuma na ya kutoa uiongeze wewe, ili laki tano ifike ikiwa laki tano. Ya sare na godoro la kidato cha kwanza isipungue hata mia.

Sasa Machame. Mama mkwe wa Kichaga namfahamu, mimi mwenyewe ni mmoja. Tunapenda kuona gari limesimama mbele ya migomba, tunapenda majirani waone. Lakini sisi pia ni wanawake tuliouza ndizi na kahawa, tukakopa chumvi dukani, deni tunalijua. Mpigie simu wewe mwenyewe kabla hamjapanda, usimwachie mwanawe. Mwambie, "Mama, mwaka huu tulikuwa na deni la mtu, tumelilipa lote. Rangi tutapaka wakati wa Pasaka." Usiseme zaidi. Mbuzi wa ukoo mashemeji watachinja, mtori utakuwapo, mtakula. Na jogoo mnaye. Yule wa mnadani, aliyefungwa nyuma ya jiko. Pandeni naye, pamoja na sukari na sabuni kadiri kitakachobaki kwenye ile 70,000. Mashemeji wakisema, waacheni waseme. Nguo za watoto za mwaka jana bado zinawaenea au wanaweza kungoja kodi ya Januari.

Swali lako la tatu, la yatima. Nenda, na daftari lako nenda nalo. Wale watoto hawana kosa, na mchele wenu wanauhitaji. Ila 30,000 yako usiitoe kama haipo. Umebaki na 10,000? Toa 10,000. Kisha fungua daftari lako lisilo na doa ujiandike: Mhazini, ametoa 10,000, anadaiwa 20,000. Umewaandika wenzako wote, jiandike na wewe, na wakiuliza waambie ulikuwa na mshahara wa mtu wa kulipa kwanza. Kuna mwenzako kwenye kikundi atakayekwenda nyumbani akafungua kabati lake baada ya kusikia hivyo. Nawajua wanawake wa kanisani, mimi ni mmoja wao. Mishahara ya wasichana wetu tunaishika kwa maneno ya mdomo tu, "nakutunzia, nakutunzia". Na huko kituoni, simu zibaki mikobani. Mtoto asisimamishwe na mfuko wa mchele apigwe picha ndipo aupeleke jikoni.

Nikueleze na jambo moja kuhusu lile shada la mishumaa minne linalowashwa kila Jumapili ya Majilio. Chanzo chake ni Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mwanatheolojia Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini kwenye nyumba iliyoitwa Rauhes Haus, na watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku ili waone kwa macho yao siku zinavyokaribia. Wamisionari Walutheri wa Misheni ya Leipzig, nao kutoka Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 tangu shada lile la kwanza. Nalipenda shada lile kwa sababu hiyo, kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya watoto wasio na kitu waliokuwa wakihesabu siku. Jumapili ijayo ukiuona mshumaa wa tatu unawashwa, kumbuka kwamba nyumbani kwako kuna mtu naye amekuwa akihesabu, mwezi kwa mwezi, kwa penseli, chini ya godoro.

Akirudi Januari, patana naye upya. Mshahara wote umpe mkononi kila mwisho wa mwezi. Akitaka kuweka akiba, iwe mahali ambapo ufunguo anao yeye, kibubu au akaunti, na umsaidie kufuatilia kitambulisho chake ili laini iwe ya jina lake. Asiporudi, mtafute mwingine na umlipe hivyo hivyo.

Usiku ule mkishamaliza kuhesabu, mrudishie kidaftari na penseli. Mwachie nafasi mezani aandike mwenyewe ule mstari wa mwezi wa tisa, 70, 20, 50, na chini yake wa kumi na mbili.

Shangazi yako